Mtani wa Bi Mwanvua

Siwema hakuja Kigoma akikimbia. Hilo alipenda lijulikane, na kama hukulijua angekuambia kabla chai haijapoa. Alivuka ziwa miaka mingi kabla ya vita, kutoka Ubwari ng'ambo ya pili, akiwa na marobota ya vitenge na mashine ya boti aliyoinunua kwa jasho lake. Wakimbizi walikuja baadaye, mabunda vichwani na watoto mgongoni, serikali ikawapeleka makambini. Yeye alipokuja, wake za maofisa ndio waliomfuata dukani kuchagua maua ya vitenge.

Sasa alikuwa na duka Mwanga, maboti ya mizigo pale Kibirizi, na nyumba Gungu yenye ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu. Na alikuwa na uraia. Aliuhangaikia miaka na miaka, akajibu maswali yote, akaapa kwa sauti mpaka karani akamwambia inatosha mama. Cheti akakitia fremu, akakitundika sebuleni mkabala na mlango, mahali palipokuwa na picha ya Kaaba. Picha ya Kaaba akaihamishia chumbani. Mwenyezi Mungu anaona hata chumbani, ila watu wa uhamiaji wanaishia sebuleni.

Mtaani walimwita Mama Mkubwa, kwa heshima zote. Ukitokea msiba, Siwema humwita Dismasi, mlinzi wake, akamtwika mchele na sukari, pengine na kuni za kupikia siku nzima. Mwenyewe haendi. Watu walipokea, wakasema Mama Mkubwa katoa, Mungu amzidishie, na wali ukapikwa ukaliwa. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa mkekani akichambua huo mchele.

Msimdhanie kuwa ni kiburi. Kiburi alikuwa nacho, lakini cha dukani tu. Mkekani alikuwa anaogopa. Msiba una saa ndefu, na watu wakishachoka kulia wanazungumza, na miaka ile mazungumzo ya Kigoma yalikuwa hayo hayo: wageni wamejaa, misitu imekwisha, bunduki zimeingia, maharage yamepanda bei. Halafu mtu angegeuka amuulize kwa wema kabisa, "Na wewe mama, kwenu hasa ni wapi?" Siwema alikuwa na cheti, lakini cheti huwezi kuingia nacho matangani umekikumbatia kifuani. Basi mchele ukaenda badala yake.

Vita vilipoingia Ubwari, mama yake, Bi Mwanvua, alivushwa na wavuvi kwenye mtumbwi pamoja na watu wa kijiji chake, wakateremka Mwamgongo. Siwema alipata habari mapema, akatuma boti likamchukua mzee usiku huo huo, kabla hajaandikishwa na mtu. Kwa hiyo Bi Mwanvua hakuwemo katika orodha ya kambi, wala hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Na kila wiki ilitangazwa kwa kipaza sauti kwamba kila aliyekimbia vita mahali pake ni kambini, na anayemficha nyumbani kwake atajibu.

"Mama," Siwema alimwambia, "ndani ya ukuta huu kuna kila kitu. Usitoke."

Bi Mwanvua alitazama huku na huku, akaona friji, makochi, na tangi la maji. "Kila kitu?" akauliza. "Na batu?"

Watu wa nini tena? Siwema aliona mzee amechoka na safari.

Bi Mwanvua alivumilia. Alikaa barazani na tasbihi yake, akatazama ukuta, akatazama chupa. Siwema alikuwa mtu wa safari, leo Bujumbura, kesho Mpulungu, na wakati mmoja alipokuwa safarini, kilio kilisikika nyumba ya pili. Ni kwa Yusta, mama wa Kiha kutoka Kalinzi, muuza maharage na kahawa. Amefiwa na mume. Bi Mwanvua akainuka, akamwendea Dismasi getini.

"Fungula."

"Bibi, mama amekataza."

"Mutu amekufa pale, na weye unafunga mulango? Bazazi bako bakafundishaka nini?"

Dismasi alikuwa kijana wa Kasulu aliyelelewa akaleleka. Swali la wazazi lilimshinda, akafungua. Bi Mwanvua akaingia kwenye msiba wa watu asiowajua, hakumsalimu mtu kwa maneno mengi, akaona sufuria limeungua chini, akaketi akachota majivu akaanza kulisugua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilifuata mwenyewe.

Tangu siku hiyo, Siwema akisafiri tu, Bi Mwanvua hayupo nyumbani. Alikwenda misibani, akaenda kwa wazazi waliojifungua, akachambua dagaa uani kwa watu, akagombana na wauza mawese juu ya vipimo. Kiswahili chake cha ng'ambo kiliwachekesha watoto, nao wakakiiga hata mama zao wakaanza kukitumia. Matanga ya mumewe yalipokwisha, Yusta alimuuliza jambo ambalo lilikuwa likimsumbua.

"Bibi, kwenu watani wenu ni akina nani?"

"Bakabaki kule," Bi Mwanvua akajibu. "Bengine balikufa. Bengine sijue."

Yusta hakulala vizuri. Mtu asiye na mtani, siku yake ikifika nani atamsumbua? Azikwe kimya kimya, bila mtu wa kumzuia mlangoni, bila wa kumuiga mwendo na kuwachekesha wafiwa? Asubuhi alivuka uchochoro.

"Basi ni mimi," akasema. "Kuanzia leo mtani wako ni mimi, kizee mchawi wewe."

"Aksanti, mwizi wa maharagi," akajibu Bi Mwanvua, na mambo yakawa yamekwisha. Tangu hapo hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

Haya yote Siwema hakuyajua. Akirudi safari anamkuta mama yake barazani, tasbihi mkononi, utadhani amegandishwa pale kwa gundi. Dismasi naye alikuwa mwaminifu kwa pande zote mbili, maana yake alikaa kimya.

Masika ya mwaka wa tisini na tisa, homa ilimlaza Bi Mwanvua, na alfajiri moja, adhana ya kwanza ikilia, akakata roho mkononi mwa bintiye. Siwema alimfumba macho, akamnyoosha miguu. Uchungu ulimshika, lakini kabla haujatoka nje, hofu ikauwahi: huyu mtu hayumo popote. Nitamzikaje mtu ambaye hayumo? Mficha maradhi kifo humuumbua, na Siwema alikuwa ameficha binadamu mzima.

Angeweza kumvusha kwa boti lake, lakini Ubwari bado ilikuwa inawaka moto, hakuna wa kumpokea isipokuwa wenye bunduki. Kambini asingempeleka hata kama ni maiti. Azikwe Ujiji, basi, kwenye makaburi ya Waislamu kama mtu wa Ujiji, na afukiwe kabla hajatokea wa kuuliza alikuwa nani. Hilo tu ndilo alilolitaka siku ile. Akamwita Dismasi.

"Nenda kanunue sanda. Kisha pita Kibirizi, ita wapagazi wetu wa mizigo, waje na makoleo. Nitawalipa wachimbe na wabebe. Imamu nitazungumza naye mwenyewe. Na watu wasijue. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," akasema Dismasi, machozi yakimtiririka. Akatoka, akafunga geti nyuma yake kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwa Yusta, ndipo akayafuata ya sanda na wapagazi.

Siwema alijua kuna jambo aliposikia maji yakimwagwa jikoni kwake. Akaenda kutazama, akakuta wanawake asiowajua hata majina wamekwisha koka moto uani, wameteremsha masufuria yake makubwa ambayo yeye mwenyewe alikuwa amesahau yalipo. Wengine walikuwa chumbani na marehemu tayari, wamefunga pazia, wanaosha. Kila aliyepishana naye alimshika mkono, akamwambia, "Pole, Mama Mkubwa," kisha akamgeukia mwenzake, wakakumbatiana na kulia wao kwa wao. Siwema alisimama katikati ya uwanja wake mwenyewe, asijue mikono yake aiweke wapi. Alihisi ni mgeni aliyekuja kuwapa pole.

Jua lilipopanda, uwanja ulijaa watu mpaka barabarani. Wanaume walikaa juu ya matofali na ndoo. Halafu akamwona Oswald, mwenyekiti wa mtaa, anaingia getini. Ndiyo haya sasa. Akamuwahi, akamvuta sebuleni, akasimama chini ya cheti chake.

"Mwenyekiti, mimi ni raia. Unaona mwenyewe. Kila kitu kipo hapa. Na huyu ni mama yangu mzazi, kwa hiyo..."

Oswald alikitazama cheti kwa heshima. Kilikuwa kizuri, kina muhuri na nembo. Suruali yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu mpaka magotini.

"Sawa, Mama Mkubwa," akasema. "Mimi nimekuja kukuambia kaburi liko tayari. Tumelichimba karibu na la mzee wangu, naye alikuwa Mwislamu, maana bibi alimuuguza yule mzee mpaka mwisho. Nimeona wapagazi wako pale makaburini na makoleo, nikawaambia wapumzike. Au nimekosea?"

"Hujakosea," akasema Siwema. Hakujua kama mama yake aliwahi kumuuguza mzee wa mtu yeyote.

Adhuhuri ilipokaribia, jeneza lililofunikwa kwa nguo ya kijani likatolewa. Vijana wakaliinua mabegani, wakaanza kuitikia shahada, wakageukia geti. Hapo wakasimama.

Yusta alikuwa amelala chini, amekata njia kutoka nguzo hadi nguzo. Amevaa kitenge cha marehemu, ile doti ya kijani yenye ndege aliyoipenda, na kilemba chake, na fimbo ya marehemu ameikumbatia.

"Hapiti mtu," akasema.

"Yusta, jua kali," wabebaji wakamwambia, tayari wakianza kucheka.

"Jua nimelileta mimi? Huyu mchawi hatoki hapa. Kala maharage yangu miaka mitatu, leo anajifanya amekufa! Mwamsheni alipe!"

Vicheko vikapasuka uwanja mzima, hata wanawake waliokuwa wakigaragara kwa kilio wakainuka wakacheka na makamasi yao. Ndivyo inavyokuwa. Mtani hulala mlangoni, wafiwa humbembeleza, humtukana, humtupia chumvi au kipande cha muhogo, naye hujibu, na mradi wanabishana marehemu yungali nyumbani kidogo. Haraka haina nafasi pale.

Lakini Siwema alichoona ni njia iliyozibwa, na njia zilizozibwa alizijua. Ng'ambo, tangu vita vianze, kila ufuko ulikuwa na kamba iliyotandwa njiani na kijana mwenye bunduki, na katika biashara yake yote alikuwa amejifunza sheria moja: usibishane, usimtazame machoni, toa, pita. Ndivyo alivyopitisha mizigo yake. Ndivyo alivyokuwa hai mpaka leo. Akapenya katikati ya watu, akafungua mkoba, akatoa noti bila kuzihesabu, akainama akaziweka kifuani kwa Yusta, macho yakiwa pembeni.

"Tafadhali," akasema. "Tupishe."

Vicheko vikakatika, akasikika jogoo wa nyumba ya tatu. Wabebaji walitazama chini. Yusta aliketi polepole, noti zikamdondokea mapajani, naye akazikung'uta zikaanguka mchangani kama mtu anayekung'uta makapi. Hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mama Mkubwa," akasema Yusta, na sauti yake haikuwa tena na mzaha, "hizi ni za askari. Mimi ni askari?"

"Sikukusudia..."

"Mimi ni jirani yako tangu ulipojenga ukuta huo. Umeniletea mchele mume wangu alipokufa, na nikaula. Hujawahi kuniambia hata neno moja baya. Hata moja!" Alisema kama mtu anayehesabu makosa. "Leo nataka unitukane, basi. Vinginevyo huyu hatoki, na jua litatuua sote."

Siwema alilitafuta tusi. Maneno yake ya mtaani yote yalikuwa ya heshima: karibuni, asanteni, samahani, poleni. Alitazama jeneza. Bega la kijana mmoja lilikuwa linatetemeka. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, aibu ya kweli, ya mtu mzima asiyejua kumzika mama yake.

Yusta alimtazama, nadhani akamhurumia. Akasimama, akashika fimbo, akapinda mgongo, mkono mmoja kiunoni. Na papo hapo Bi Mwanvua akawa pale. Ulikuwa mwendo wake, ule wa kuburuta mguu wa kushoto, na ile namna yake ya kutanguliza kidevu. Wanawake wakapiga ukelele.

"Siwema!" Yusta akaita, na sauti ilikuwa ya ng'ambo, ya marehemu mwenyewe. "Siwema, fungula mulango! Juu ya nini unafunga mulango? Batu bako inje!"

Watu wakacheka wakilia. Yusta akajiburuta mpaka mbele ya Siwema, akamnyooshea kidole.

"Uyu mutoto wangu," akawaambia watu wote, "iko na maboti, iko na nyumba ya ukuta, lakini mutani hana. Hata mumoja! Miye nikifikiriaka ile, silale. Siku yake akikufa, nani atamusumbua?"

Hapo hapakuwa na aliyecheka. Siwema alijua kwamba Yusta hakuyatunga. Mama yake alikuwa ameyasema maneno hayo, labda uani juu ya ungo wa dagaa, na wote waliosimama hapa walikuwa wameyasikia kabla yake. Walijua siku zote. Walikuwa wakimpokea mchele na kumwonea huruma. Kitu kikamchemka kifuani, hasira na haya na wivu juu ya mama yake mwenyewe, vyote kwa pamoja, na kabla hajakizuia kikamtoka.

"We Yusta!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Vua kitenge cha mama yangu, mwizi mkubwa wewe! Miaka yote unapita mbele ya duka langu hujanunua hata leso, kumbe unangoja watu wafe uvae bure!"

Oswald akaguna, "Lo!"

"Na utoke getini kwangu," Siwema akaendelea, maana njia ilikwisha funguka na maneno yalikuwa yanasukumana, "mla maharage! Kutwa maharage, usiku maharage, ndiyo maana hata mbuzi wako analala mbali na dirisha lako!"

Uwanja ulilipuka. Kijana mmoja kati ya wabebaji alicheka mpaka wenzake wakamkemea asidondoshe marehemu. Yusta alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mawe, mama we! Kumbe Mkongomani ana mdomo! Watu wa Gungu, mnamsikia Mkongomani huyu?"

Mkongomani. Tangu ajenge Gungu hakuna aliyemwita hivyo usoni, ingawa alijua wanavyosema mgongoni. Alikuwa ametumia miaka na fedha na kiapo ili asiitwe hivyo. Sasa ameitwa mbele ya mtaa mzima, katikati ya jua, na hakuna aliyetaka aondoke. Walikuwa wanangoja ajibu.

"Mkongomani ni mimi," akasema, "na Muha aliyelala mlangoni kwangu kama gogo ni nani? Ondoka nimzike mama yangu."

"Ego, ndiyo hivyo," akasema Yusta. "Sasa umesema."

Akajisogeza pembeni, akaegemea nguzo ya geti. Jeneza likapita, shahada ikapanda tena, na wanaume wakalifuata kwa wingi hata barabara ikafichika, wakipokezana mabega, kila mmoja akitaka kulibeba japo hatua chache. Siwema alisimama na wanawake akalitazama mpaka lilipokata kona ya kwenda Ujiji.

Walirudi uani. Watu wakitoka makaburini watakuja na njaa, na Yusta, kitenge cha marehemu bado kiunoni, akamtupia Siwema mwiko bila kumuuliza.

"Songa ugali. Au na hilo umeajiri wapagazi?"

Siwema akasonga. Mikono yake ilikuwa imesahau, ugali ukawa na mabonge, na mama mmoja aliyekuwa akikatakata mboga akamwambia wazi kwamba huo atakula mwenyewe. Moshi uliingia machoni. Mazungumzo yalikuwa hayo hayo aliyoyaogopa siku zote, bei ya maharage, wageni, kuni za kutafuta mbali, na mara moja aliingilia akawaambia kwamba maharage yangeshuka bei kama Yusta asingeyala yote. Wakacheka, wakaendelea.

Baadaye kidogo, wawili hao wakiwa peke yao kwenye moto na wengine wakiosha sahani pale uani, Siwema aliuliza bila kuinua macho kwenye sufuria.

"Yusta. Na mimi siku yangu?"

Yusta alipuliza moto kwanza, akasukuma kuni ndani.

"Wewe?" akasema. "Wewe nitakulalia pale getini mpaka uanze kunuka."

Siwema aliweka mwiko chini. Tangu alfajiri chozi lilikuwa halijamtoka, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya wanawake wote wa Gungu, na Yusta akauchukua mwiko akaendelea kusonga.